Ofa ya wazee wa Cork

Wiki ya pili tu niko Dublin, Jumapili, nikaenda kuzubaa mtaa wa Temple Bar kama mgeni yeyote asiye na mtu wa kumwonya. Nikaingia baa moja nikaagiza painti ya Guinness, jamaa wa kaunta akaijaza robo tatu, akaiweka pembeni, akaendelea na kazi zake. Mi najua nishahudumiwa, nikanyoosha mkono nikaibeba. Weee! Alivyonikaripia ungedhani nimeiba mtoto. Kumbe inasubiriwa itulie, kama dakika mbili hivi, ndo anamalizia kujaza. Bei karibu euro 10, kwa hela yetu inasogelea elfu thelathini, nikawa nainywa kwa adabu kama dawa ya kijiko.

Ila tusidanganyane, ile kitu laini, povu kama maziwa mgando, haina ukali wa ile ya chupa ya nyumbani. Asilimia 4.2 tu, inashuka yenyewe.

Pembeni kulikuwa na wazee wanne wenye jezi nyekundu, wametoka Cork kuangalia mechi ya hurling, ule mchezo wa Ireland wa fimbo na mpira mdogo, pale uwanja wa Croke Park, wakanivuta mezani kwao. Kiingereza chao sasa! Nilikuwa naokota neno moja kila baada ya dakika. Wanaongea kwa uchungu, wanagonga meza, nikajua tu hapa wanamjadili refa, basi na mimi natikisa kichwa, "yesi yesi, veri gudi", wananiangalia kidogo halafu wanaendelea.

Mmoja akanyanyuka akaleta painti tano, moja yangu. Asante mzee. Haijaisha vizuri wa pili kaleta, kisha wa tatu, kisha wa nne, nikajisemea huku ni mgeni njoo mgeni apone. Painti moja ni mililita 568, weka na ile yangu ya kwanza, tumboni nina karibu lita tatu. Nikaona sasa inatosha, nikasimama, nikawapa mkono mmoja mmoja na neno la shukrani kama mgeni rasmi harusini.

Kimya.

Mzee mmoja akanyooshea kidole glasi yangu. Nikadhani ananisema nimebakiza povu, nikaigeuza nikamalizia mpaka la mwisho. Akanyoosha tena, safari hii glasi zote tano, moja moja, polepole, kama mwalimu wa chekechea. Ndo ikaniingia kwamba haikuwa ofa, ilikuwa raundi, kila mtu na zamu yake, na aliyebaki ni mimi.

Nikaenda kaunta. Euro 50 kasoro kidogo, nauli na msosi wa wiki, nikagonga kadi huku nimeangalia ukutani. Na glasi sikugusa hata moja mpaka jamaa aliposema chukua.

Narudi mezani, mzee mmoja akauliza bei gani. Nikamtajia. Akagonga meza, wote wanne wakaanza upya kelele zilezile, maneno yaleyale, uchungu uleule. Kumbe refa hakuwa na kosa lolote jamani. Muda wote ule walikuwa wanalalamikia bei ya bia, na mimi ndo nilikuwa nawajibu veri gudi.