Sasisho la lazima la injini ya dizeli: hewa ni ya wote, valvu italipiwa na nani?

Fundi huchomeka waya kwenye tundu la OBD, lile la kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, huunganisha chaja ya kushikilia volti za betri, kisha hungoja programu mpya ipakiwe kwenye kompyuta ya injini. Baada ya nusu saa hivi kazi imekwisha, na hakuna nati iliyofunguliwa. Hivyo ndivyo magari mengi ya Volkswagen yenye injini ya EA189 ya lita 2.0 yalivyorekebishwa Ulaya kuanzia 2016. Yale ya lita 1.6 yaliongezewa kipande cha plastiki chenye wavu mbele ya kihisi cha hewa, kazi isiyozidi saa moja. Wepesi huo ndio ulioanza kuwatia wenye magari shaka. Kama nusu saa ya programu inatosha kulifanya gari liwe safi, kwa nini halikutoka kiwandani likiwa hivyo?

Tarehe 18 Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu iliyotambua gari linapokuwa kwenye vipimo, ikabana moshi hapo na kuuachia barabarani. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Mwezi uliofuata mamlaka ya magari ya Ujerumani, KBA, iliagiza magari milioni 2.4 yarudishwe kwa lazima, na kuanzia 2018 waliokataa sasisho walianza kuzuiwa kuyatumia magari yao barabarani. California nayo humnyima usajili mpya mwenye gari ambalo halijafanyiwa marekebisho ya moshi yaliyoagizwa.

Upande wa wanaolazimisha una nguvu kuliko wengi wanavyopenda kukubali. Oksidi za nitrojeni, gesi zenye madhara zilizomo kwenye moshi wa dizeli, haziishii kwenye gari la aliyekataa. Humfikia mpita njia, huzidisha pumu, na juani huchangia kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Baadhi ya magari hayo ya Marekani yalitoa hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Jambo kama hilo huwezi kuliacha liwe hiari, maana anayekataa hapotezi chochote, na anayekubali ndiye anayebeba hatari ya kiufundi peke yake. Hoja ya "gari ni mali yangu" haifiki mbali hapa: gari liliruhusiwa barabarani kwa cheti, na cheti kilipatikana kwa udanganyifu.

Ila hofu ya wenye magari nayo si ya kufikirika. Oksidi za nitrojeni huzaliwa pale mwako unapokuwa wa moto mkali na oksijeni ikiwa tele. Njia ya bei nafuu ya kuzipunguza ni valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili oksijeni ipungue na joto lishuke. Joto likishuka, masizi huongezeka. Masizi hayo yana njia mbili. Sehemu hurudi na moshi kupitia valvu ya EGR na kipoza chake, yakachanganyika na mvuke wa oili na kuganda kama lami kwenye njia ya kuingizia hewa. Sehemu nyingine hunaswa na kichujio cha DPF, ambacho lazima kichomwe kwa joto la nyuzi 600 hivi. Kwenye injini nyingi joto hilo hupatikana kwa kunyunyizia dizeli ya ziada mwako ukiwa umeshapita. Dizeli hiyo huongeza matumizi, na sehemu yake huteleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili.

Kwa hiyo programu inayoiambia EGR ifanye kazi zaidi inakibebesha mzigo kifaa ambacho pengine hakikuchaguliwa kwa kazi hiyo. Watengenezaji hujaribu kufidia kwa kubadili shinikizo na wakati wa nozeli kunyunyiza, na kwenye magari mengi inafaulu. Kwenye mengine mwenye gari huona dalili zile zile: gari halivuti vizuri kwenye mizunguko ya chini, feni inaendelea kuzunguka baada ya kuzima kwa sababu DPF ilikuwa katikati ya kujichoma, au taa ya injini inawaka na msimbo P0401, maana yake moshi unaopita kwenye EGR hautoshi.

Ugomvi mkubwa uko hapa. Chukua gari lenye kilomita 150,000 ambalo valvu yake imeshaziba nusu. Kabla ya sasisho valvu hufunguka kidogo na hakuna anayejua kwamba ni mbovu. Baada ya sasisho inatakiwa kufunguka zaidi na mara nyingi zaidi, na baada ya wiki chache inakwama. Mtengenezaji anasema valvu ilikuwa njiani kufa. Mwenye gari anasema ingedumu miaka. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na kwa kuwa hakuna aliyeipima kabla, anayeumia ni yule mwenye risiti mkononi. Volkswagen iliweka Ulaya mpango wa kushughulikia malalamiko kuhusu vipuri kadhaa vya mfumo wa moshi kwa miaka 2 baada ya sasisho, mradi gari halijavuka kilomita 250,000. Ni hatua nzuri, lakini miaka 2 ni michache kwa tatizo la masizi, ambalo hujengeka polepole.

Kisha mahakama zikaufanya msimamo wa mamlaka kuwa mgumu zaidi. Desemba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema programu ya kudanganya vipimo haihalalishwi kwa hoja ya kuzuia injini isizibe au isichakae. Tarehe 14 Julai 2022 ikaligusa sasisho lenyewe: programu mpya iliyoidhinishwa kwa magari ya EA189 ilikuwa na dirisha la joto. EGR ilifanya kazi kikamilifu joto la nje likiwa kati ya nyuzi 15 na 33 tu, na gari likiwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahakama ikasema mpangilio unaobana usafishaji sehemu kubwa ya mwaka katika hali ya kawaida ya uendeshaji hauwezi kuhalalishwa. Mwenye gari aliyelazimishwa kupakia programu hiyo, kwa tishio la kuzuiwa barabarani, alikuwa na haki ya kukasirika. Dirisha hilo linaonyesha pia kwamba walioandika programu walijua vipuri vina kikomo.

Hapo ndipo ninapoegemea. Kulazimisha ni sawa. Kosa ni kulazimisha programu peke yake kwenye gari ambalo vifaa vyake havitoshi, kisha kumwachia mnunuzi uchakavu. Mkutano wa dizeli wa Agosti 2017 Ujerumani uliahidi masasisho kwa magari milioni 5.3, na lengo lilikuwa kupunguza oksidi za nitrojeni kwa asilimia 25 hadi 30. Mwaka uliofuata, klabu ya magari ya ADAC ilijaribu vifaa vya kuongezwa vinavyotumia AdBlue, ule mchanganyiko wa urea, ikapata punguzo la hadi asilimia 70 katika uendeshaji wa mjini. Vinagharimu pesa nyingi zaidi, na bila shaka ndiyo sababu havikupendwa na viwanda.

Marekani ilifanya vizuri zaidi. Kwenye makubaliano ya 2016 mwenye gari la lita 2.0 alichagua kuliuza gari kwa thamani ya kabla ya kashfa au kusubiri marekebisho yaliyoidhinishwa, na vyovyote vile alilipwa fidia iliyoanzia dola 5,100. Mtengenezaji alitakiwa kuyaondoa barabarani au kuyarekebisha asilimia 85 ya magari, la sivyo alipe zaidi. Mzigo ulikaa kwa aliyekosa. Ujerumani ilichelewa: ni Juni 2023 tu mahakama yake kuu ya madai ilipoweka fidia ya asilimia 5 hadi 15 ya bei ya ununuzi, hata pale ambapo kosa ni la uzembe.

Aliyeitwa leo kwa sasisho la namna hii ajitengenezee ushahidi kabla ya kwenda. Soma namba ya programu na namba yake ya uhakiki kupitia modi 09 ya OBD, sehemu inayoonyesha taarifa za gari. Skana nyingi za kawaida zinaweza. Andika misimbo iliyopo, masizi ya DPF kwa gramu, na umbali kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Pima matumizi kwa kujaza tangi hadi pampu ijikate, mara 3 mfululizo, kwenye njia zile zile. Kama injini iliwahi kuongezewa nguvu kwa programu ya nje, sema mapema, maana sasisho litaifuta. Hakikisha chaja imeunganishwa: volti zikianguka katikati ya upakiaji, kompyuta inaweza kufa. Taka karatasi yenye namba ya programu ya zamani na mpya, kwa sababu kurudisha ya zamani kwa kawaida hakuruhusiwi.

Baadaye, usihukumu kwa kilomita mia chache za mwanzo. Rudia vipimo vile vile. Anayeendesha safari fupi tupu alipatie gari dakika 15 hadi 20 za barabara kuu mara kwa mara ili DPF imalize kujichoma, na achomoe kijiti cha oili kila baada ya wiki mbili. Kiwango kikipanda badala ya kushuka, na kijiti kikinuka dizeli, mwaga oili bila kungoja muda wa sevisi, piga picha kijiti, kisha ulirudishe gari gerejini pamoja na vipimo vya kabla na vya baada kwenye karatasi moja.