Mtihani wa Takwimu Uulize Sababu, Si Kanuni Pekee

Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa walimu waliosahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha sita ulioandaliwa kwa ajili ya shule kadhaa kwa pamoja, nami nilipangiwa swali fupi la alama nne: kati ya watu watano, wawili wachaguliwe kuwakilisha kikundi chao mkutanoni, je, kuna jozi ngapi zinazowezekana? Mwanafunzi mmoja hakuandika kanuni yoyote. Aliwapa watu wake herufi A hadi E, kisha akapanga mistari minne inayopungua kama ngazi: AB, AC, AD, AE, chini yake BC, BD, BE, halafu CD, CE, na mwisho DE. Pembeni akaandika 4 + 3 + 2 + 1 = 10. Mwongozo wa usahihishaji ulitenga alama moja kwa kanuni, mbili kwa kuweka namba na kurahisisha, na moja kwa jibu; kwa hiyo kijana yule alipata alama moja. Karatasi iliyofuata ilikuwa na kanuni sahihi, lakini mwenyewe alisahau kugawa kwa faktoria ya 3 (yaani 3 × 2 × 1), akafikia jibu la 60, na mwongozo ukampa alama mbili.

Jozi 60 kutoka kwa watu watano! Hata ukihesabu A na B, kisha ukahesabu tena B na A, huwezi kuvuka 20. Kwa maoni yangu, aliyejua kuhesabu ni yule wa kwanza, kwa sababu ngazi yake inaonyesha kwamba hakuna jozi iliyosahaulika wala iliyojirudia, na hayo mawili ndiyo kiini cha mbinu zote za kuhesabu. Kanuni ni ufupisho tu wa ngazi hiyo, unaohitajika pale watu wanapokuwa hamsini na karatasi haitoshi. Nililieleza jambo hilo kikaoni, nikajibiwa kwamba mwongozo haubadilishwi kazi ikiwa imeshaanza. Limenikaa moyoni hadi leo.

Sisemi kwamba kanuni zisifundishwe. Ninachosema ni kwamba mtihani wa takwimu na mbinu za kuhesabu unapaswa kupima uamuzi wa mwanafunzi: ametambuaje aina ya swali, na jibu alilolipata lina maana gani. Swali linalomwambia mwanafunzi mapema kwamba hapa atafute idadi ya mipangilio (ambapo nani ametangulia kunahesabiwa), au hapa atafute idadi ya teuzi (ambapo hakuhesabiwi), limeshamfanyia sehemu ngumu ya kazi, na kilichobaki ni kubonyeza kikokotoo.

Chukua wanachama kumi wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wakitakiwa kuchagua wajumbe watatu wa kamati, njia ni 120. Wakitakiwa kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, njia ni 720, kwa kuwa watu wale wale watatu wanaweza kugawana vyeo hivyo kwa namna sita. Maswali yote mawili yana neno "kuchagua", na mwanafunzi aliyezoea kutafuta kanuni kwa kufuata neno moja ataandika jibu lile lile mara zote mbili. Hata swali la kuchagua jibu, ambalo walimu wengi tunalidharau, linaweza kufanya kazi nzuri hapa iwapo majibu ya makosa yametungwa kwa makusudi. Katika swali la kamati, aliyechagua 720 amejali mpangilio usiohusika. Aliyechagua 1,000 amemruhusu mtu mmoja achaguliwe zaidi ya mara moja. Aliyechagua 30 amezidisha 10 kwa 3 kwa kubahatisha. Mwalimu anayejumlisha idadi ya waliochagua kila kosa anajua kesho aanzie wapi darasani, jambo ambalo alama ya jumla ya asilimia 41 haiwezi kumwambia.

Mifano imejaa barabarani. Namba ya gari la Tanzania huanza na T, ikafuatwa na tarakimu tatu na herufi tatu. Tukichukua 001 hadi 999 na herufi zote 26, tunapata namba 17,558,424. Tukiziacha I na O kwa sababu zinafanana na 1 na 0, zinabaki 13,810,176. Mwanafunzi aulizwe kwa nini amezidisha badala ya kujumlisha, na kwa nini kuondoa herufi mbili tu kumepunguza namba zaidi ya milioni tatu na nusu.

Katika takwimu hali ni mbaya zaidi. Tunawapa wanafunzi jedwali la madaraja, yaani la takwimu zilizogawanywa katika makundi, wanatafuta wastani, wanachora histogramu (mchoro wa mistatili inayoonyesha idadi ya kila kundi), wanavuta mistari miwili inayokatana kutoka pembe za mstatili mrefu kuliko yote ili kupata modi (thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi), na swali linaishia hapo, bila yeyote kuulizwa modi hiyo inamfaa nani. Katika jaribio moja la darasani niliandika mapato ya siku ya mama lishe saba, kwa shilingi: 12,000, 14,000, 15,000, 15,000, 16,000, 18,000 na 120,000, huyu wa mwisho akiwa amepata oda ya harusi. Wastani ni 30,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekipata; mediani, yaani namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa, ni 15,000. Nikauliza: afisa wa soko anayetaka kupanga ushuru atumie namba ipi, na kwa nini? Msichana mmoja aliandika kwamba atumie 15,000, "kwa sababu harusi haipo kila siku na wale sita watalipishwa chakula ambacho hawakukipika." Nilimpa alama zote. Vivyo hivyo, sensa ya mwaka 2022 iliyohesabu Watanzania 61,741,120 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na ni swali zuri sana kumuuliza mwanafunzi kama hiyo inatosha kusema kwamba kaya nyingi zina watu wanne.

Walimu wenzangu hunijibu kwamba maelezo ni magumu kusahihisha kwa haki pale watahiniwa wa kidato cha nne wanapozidi nusu milioni na wasahihishaji ni wengi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, hatuombi insha. Tunaomba sentensi mbili, na mwongozo unaweza kutaja wazo linalotakiwa kuonekana ndani yake, kama unavyofanya kwa somo la Historia kila mwaka. Ipo pia hofu ya lugha, kwa kuwa sekondari tunafundisha kwa Kiingereza na mtoto anaweza kuelewa "angalau wawili" akashindwa kulieleza; kwangu hiyo ni sababu ya kukubali mchoro, orodha au mti wa matokeo (mchoro wa matawi unaoonyesha kila linaloweza kutokea) kuwa maelezo kamili, kama ngazi ya yule kijana.

Darasani kwangu sasa kila jaribio la mada hizi lina swali moja lisilotaja mbinu na lingine linalodai sababu, na njia yoyote inayohesabu kila kitu mara moja tu inapata alama zote. Kusahihisha karatasi sitini za namna hiyo kunanichukua jioni mbili badala ya moja, nami nimeridhia.