Sarafu Sita Katika Leso

Juzi, baada ya sala ya alasiri, kijana wa jirani yangu hapa Wete, Pemba, alinijia barazani, akafungua leso na kunionesha sarafu sita za fedha, ndogo na nyembamba kama magamba ya samaki. "Ami, wewe unapenda vitu vya kale, utanipa kiasi gani?" Nilipomuuliza amezipata wapi, alijibu kwa fahari kwamba yeye na mwenziwe wamenunua mashine ya kutambulia madini, na maji yakipwa huvuka hadi Mtambwe Mkuu, penye magofu ya mji wa kale, kuchimba. Nikamuuliza ni sehemu gani hasa, shimo lilikuwa na kina gani, na pembeni palikuwa na nini. Hakukumbuka. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia.

Mimi mwenyewe ni mkusanyaji. Ninazo pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zile zenye alama ya mizani zilizopigwa mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ninalo dele la kahawa lililopondeka ubavu, na sahani ambazo bibi yangu alikuwa akizipanga kwenye vidaka vya ukuta. Kila kimoja ninaijua nyumba kilikotoka na mikono iliyokitumia. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kupenda vya kale. Ninacholalamikia ni kwenda kuving'oa vilikolala.

Wanaochimba Mtambwe wangejua kilichopatikana hapo mwaka 1984, nadhani wangeweka jembe chini. Wataalamu walifukua hazina yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala Waislamu ambao baadhi yao hawakuwa wakijulikana kabisa, na maandishi ya upande mmoja yakipokezana vina na ya upande wa pili, kana kwamba aliyezipiga alikuwa mshairi. Sarafu hizo za fedha hazikuwa na tarehe. Zilizotoa ushahidi wa wakati ni dinari chache za dhahabu zilizokuwa pamoja nazo, zikiwamo za Wafatimi, watawala wa Misri wa zama hizo, na kwa sababu vyote vilikutwa mahali pamoja bila kuvurugwa, tukajua kwamba watu wa Pemba walikuwa na sarafu zao wenyewe katika karne ya 11. Lau kijana mmoja angezitangulia dinari zile kwa mashine, akaziuza kwa uzito wa dhahabu, zile fedha zingebaki vipande visivyo na umri, na historia yetu ingepungua ukurasa ambao hakuna mwingine wa kuuandika. Thamani ilikuwa katika ule ujirani wa ardhini, na ujirani huo ukishavunjwa hakuna fundi wa kuurudisha.

Tazama msikiti wa kale wa Kizimkazi, Unguja. Maandishi yake ya Kikufi, ile hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria yamo ukutani, penye kibla, na ndiyo maana mpaka leo yanatwambia nani aliamrisha ujenzi na lini. Katika magofu mengi ya pwani yetu, kinyume chake, utakuta makaburi na mihrabu yenye mashimo ya duara yaliyokuwa na bakuli za Kichina. Bakuli zimekwenda, na hakuna anayeweza kusema ipi ilitoka wapi. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe nayo ina kilio chake.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba wakusanyaji wameokoa vitu vingi ambavyo vingeyeyushwa au kuchomwa kuni, na kwamba msimu wa karafuu ukiharibika kijana hawezi kulishwa kwa historia. Hata hivyo, anayenunua ndiye anayechimbisha. Kila mmoja wetu anayepokea sarafu yenye udongo bila kuuliza ameshika mpini wa jembe lile, na mimi zamani niliwahi kuushika: nilinunua shanga za Ras Mkumbuu nikiwa kijana, na hadi leo sijui zilitoka upande gani wa gofu.

Sikununua sarafu zile. Nimemwomba kijana asizisugue wala asizitenganishe, na bamvua ijayo, maji yakipwa sana, tuvuke pamoja, bila mashine, anioneshe shimo kabla halijajaa mchanga, kisha twende yeye na mimi kwa wahusika wa mambo ya kale tukawaeleze mahali penyewe. Amekubali, ila ameniomba mwenziwe asijue.