Mizinga Imejaa Mikokoni, Popo wa Mbuyu Je?

Ukipita Lighthouse, ufukweni Mombasa, jioni, msimu mibuyu imetoa maua, simama chini ya mbuyu mmoja kabla jua halijazama. Nyuma yako kuna wauza mihogo na madafu, mafuta yanachemka karaini. Juu, matumba yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Giza likianza kuingia, tumba hupasuka, maganda yake hujikunja nyuma, na ua jeupe lenye ukubwa wa kiganja hufunguka ukilitazama. Harufu yake haifanani na ya asumini. Ni nzito, kama kitu kilichoanza kuchacha, nayo inamwita popo. Kesho yake mchana ua limeshanyauka, kwa hivyo kazi yote ya kulichavusha ni ya usiku mmoja.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku hizi tukizungumzia kulinda wachavushaji, yaani viumbe wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, hapa Pwani, mazungumzo hayachukui muda kugeuka kuwa ya mizinga. Kwenye hori zinazozunguka Mombasa, vikundi vya akina mama na vijana vimetundika mizinga mikokoni, na picha anayopelekewa mfadhili ni ya mtu aliyevaa vazi la nyuki, bomba la moshi mkononi. Je, mizinga hiyo inawalinda wachavushaji, au inatupa asali tu?

Wanaoitetea wana hoja nzito, na sitaki kuipitia juu juu. Mikoko ya hori ya Tudor imekatwa miaka mingi kwa ajili ya boriti, kuni na mkaa, na hata kuchochea mapipa ya chang'aa yanayopikwa mafichoni humo humo. Askari wa misitu hupita mara moja moja. Lakini mama mwenye mzinga juu ya mchu, mmojawapo wa miti ya mikokoni, huenda kuuangalia kila mara, na anakijua kila kisiki kipya. Maua ya mchu ni madogo, ya manjano, yamejaa mbochi, na nyuki huyapenda. Mwenye shoka akiukaribia mti huo, ameugusa mfuko wa mama huyo. Tena mzinga hauulizi hatimiliki. Pwani hii, ambako watu wengi wamezaliwa na kuzikwa kwenye ardhi isiyoandikwa kwa majina yao, kipato kisichodai shamba ni jambo kubwa. Na asali haiozi. Muulize mkulima aliyeleta maembe soko la Kongowea msimu umepamba moto, akaona bei inaanguka huku mzigo ukiiva mikononi mwake.

Hayo yote ni kweli, ila ni hoja za kipato na za ulinzi wa miti. Uchavushaji ni jambo jingine. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na nyuki wa asali wa mizinga yetu ni mmoja tu kati yao, yule ambaye binadamu amemjengea nyumba. Ripoti ya mwaka 2016 ya IPBES, jopo la kimataifa la sayansi ya bayoanuwai, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya mazao makuu ya chakula duniani yanategemea, angalau kwa kiasi fulani, uchavushaji wa wanyama. Ukiwatafuta wanyama hao katika mashamba yetu utamkuta nzi kwenye maua ya mwembe, nyuki wadogo wasiouma, vipepeo, nondo na popo. Hata humo mikokoni kila mti una wake. Ile aina inayoitwa mkoko wenyewe hutegemea zaidi upepo. Mlilana, ule unaosimama mbele kabisa kupokea mawimbi, hufungua maua usiku kama mbuyu, na wageni wake wakuu ni popo na nondo. Ongeza mizinga upendavyo, ukuta huo wa mbele bado utahitaji watu wa usiku.

Kuna na suala la dawa. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na viwavijeshi vamizi wakaingia kwenye mahindi mwaka 2017. Simlaumu mkulima wa Kilifi au Kwale anayepulizia, maanake embe lenye funza halinunuliwi. Lakini dawa ikimwagwa maua yakiwa wazi haichagui nzi mharibifu na nzi mchavushaji. Mitego ya chambo huwalenga nzi wa matunda wenyewe, na pesa zinazonunua mzinga zingeweza kununua hiyo pia.

Popo ndiye mgumu kumtetea. Anakula maembe, anachafua kuta, anapiga kelele usiku kucha, na watu wanaogopa magonjwa. Mwenye miembe miwili ana haki ya kunung'unika. Lakini mabuyu mekundu yanayouzwa kila pembe ya Mombasa, yale ambayo watoto hurudi nayo nyumbani ndimi zimewaiva, yametoka kwenye maua ya usiku mmoja.

Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa Kilifi isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na mwezi Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaiagiza wizara ya mazingira ilichunguze jambo hilo. Tulishangilia wengi, mimi nikiwemo. Baadaye nikawafikiria wenye mashamba. Mti umekalia nafasi ya mahindi, kivuli chake kinazuia mimea, halafu mtu anakuja na fedha taslimu. Amri hiyo ilihusu mti kung'olewa, lakini haikumwachia mwenye shamba kitu cha kumfanya autunze.

Kumlipa mtu kwa mti uliosimama si ndoto. Kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, watu wa Gazi wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko, na fedha hizo zimeingia kwenye maji na shule. Mibuyu haiko kwenye msitu mmoja kama mikoko ya Gazi, imetawanyika shamba hadi shamba, kwa hivyo hesabu yake itakuwa ngumu zaidi.

Kwa hivyo mizinga iendelee, iitwe mradi wa kipato, na ihesabiwe ile yenye nyuki ndani, kwani mzinga uliogawiwa ukabaki mtupu haumfaidi mtu. Ila kila bajeti ya wachavushaji inayoletwa Pwani itenge fungu la wasio na asali. Kwa mbuyu, pa kuanzia papo: gunia la mabuyu. Shilingi chache kwa kila gunia zirudi kwa mwenye mti, mradi mti umesimama. Mnunuzi wa soko la Marikiti anajua mzigo wake umetoka kijiji gani, na kijijini wanajua kila mbuyu ni wa nani.