Mnara wa St Martin umekaa panapostahili

Kanisa la Kianglikana la St Martin-in-the-Fields, kando ya Trafalgar Square mjini London, limesemwa sana. Mbele lina sura ya hekalu la Kirumi: nguzo sita za Kikorintho, yaani zenye vichwa vilivyochongwa majani, na juu yake pembetatu ya mawe yenye nembo ya Mfalme George I. Nyuma ya pembetatu hiyo unachomoza mnara mrefu wenye ncha, kama uliotoboa paa. Mahekalu ya kale hayakuwa na minara ya namna hiyo, kwa hiyo wakosoaji husema msanifu alichanganya mambo mawili yasiyopatana. Sikubaliani nao hata kidogo.

Msanifu, James Gibbs, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa Mskoti, tena Mkatoliki, na kazi alijifunzia Roma kwa msanifu Carlo Fontana. Kwanza alipendekeza kanisa la duara, likakataliwa kwa sababu ya gharama. Ndipo akachora hili, lililojengwa kati ya 1722 na 1726.

Wanaomlaumu wanalitazama kanisa wakiwa wamesimama uwanjani, na enzi za Gibbs uwanja huo haukuwepo. Ulifunguliwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Kanisa lilibanwa na nyumba, na baraza lile la nguzo hukuliona vizuri mpaka umelikaribia. Aliyekaa mitaa ya nyuma angejuaje kanisa lake liko wapi? Ni mnara uliomwonyesha, na kwa kuwa umesimama juu ya upande wa kuingilia, aliyeufuata alifika moja kwa moja mlangoni. Kanisa la parishi lina kazi ya kuwaita watu waingie ndani. Gibbs aliielewa kazi hiyo kuliko wanaomsahihisha.

Kasisi wa kanisa hili, Dick Sheppard, naye aliielewa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliacha milango wazi usiku kwa askari waliofika kutoka Ufaransa kupitia stesheni ya Charing Cross, iliyo jirani.

Ndani nalipenda zaidi dirisha la mashariki, la mwaka 2008, kazi ya msanii Shirazeh Houshiary, mzaliwa wa Iran, na msanifu Pip Horne. Vyuma vyake vimepinda kama wavu uliozama majini, na katikati kuna umbo la yai lililoinama kidogo. Wapo wanaoona halilingani na plasta ya mafundi Artari na Bagutti iliyopamba dari. Mimi naona linalingana, maana kioo ni cheupe na mwanga bado unaingia kwa wingi.

Gibbs alichapisha michoro yake mwaka 1728, ikaigwa hadi Marekani. Kwa mfano, kanisa la St Paul's Chapel la New York lina baraza la nguzo upande wa barabara ya Broadway na mnara upande wa pili kabisa. Ni jengo zuri, lakini ukilikabili kutoka Broadway, mnara uko mbali na baraza, kila kimoja kivyake. Kati ya hayo mawili, mimi nachagua la London.