Kliniki tunapima kilo, masikio je?

Mtoto wa dada yangu alisifika mtaa mzima kwa upole. Mfuniko wa sufuria udondoke jikoni, bodaboda wapite dirishani, redio ya jirani, yeye kalala tu. Mama mkwe wa dada akawa anamwambia una bahati mwanangu, mtoto hakusumbui. Afu mlango ukibamizwa alikuwa anashtuka, kwahiyo hakuna aliyewaza kitu, kumbe alikuwa anauhisi mwilini ule mtetemo wa kitanda. Na zile sauti za vichanga alikuwa anazitoa vizuri tu, maana hata mtoto asiyesikia huzitoa miezi ya mwanzo, ndo maana familia nyingi zinapotea hapo.

Mwaka na nusu hajasema hata mama. Tukaambiwa wa kiume huchelewa, mwingine akasema ni udata, yani ulimi umeshikwa kwa chini, na kweli akakatwa chini ya ulimi, damu ikatoka, mtoto kalia jioni nzima na hakuna kilichobadilika. Amekuja kupimwa masikio ana miaka 3 kasoro, hasikii yote mawili.

Kinachoniuma ni hii kadi yake ya kliniki, ninayo hapa mkononi. Dada hakukosa hata siku moja. Kilo zimechorwa, BCG, polio, wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua-rubela miezi 9, yani mtoto kapita mikononi mwa manesi mara zote hizo na sikio halijaguswa!

Na kipimo chenyewe hakina hata sindano. Kuna kijiplagi laini, kama kile cha earphone, unakiweka sikioni mtoto akiwa amelala, kinatoa milio, na sikio la ndani likiwa zima linarudisha mwangwi mdogo sana ambao mashine inaunasa. Dakika chache tu, nesi anafundishika. Wataalamu wanasema apimwe kabla ya mwezi 1, ijulikane tatizo ni nini kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6, kwa sababu ubongo unajenga lugha mapema na haumsubiri mtu.

Nchi tajiri wanapima wodini. Kwetu mama anaruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake, wakati sikio la kichanga bado lina maji na utando wa kuzaliwa, mashine inaweza kuonyesha hasikii mtoto anayesikia vizuri, na wengine wanajifungulia nyumbani kabisa. Ndo maana mi nasema kama wodini haiwezekani basi tupimie kwenye chanjo, hata ikiwa ile ya wiki ya 6, mama tayari yuko kwenye benchi. Lagos, Nigeria, daktari Bolajoko Olusanya na wenzake walishafanya hivyo, waliwapima watoto wanaoletwa kuchanjwa BCG, na wengi wao hawakuzaliwa hospitali.

Najua mtu atasema tuna malaria, tuna utapiamlo, masikio yasubiri. Lakini ripoti ya WHO ya 2021 inasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika, na visababishi ni hivi hivi vyetu, rubela kwa mama mjamzito (chanjo yake Tanzania tumeanza 2014), manjano kali ya kichanga, homa ya uti wa mgongo, mtoto kuchelewa kulia anapozaliwa, hata dawa za kuua bakteria kama gentamicin.

Kupima peke yake hakutoshi, hilo nakubali. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017 lakini mama wa Kigoma ndani atafikaje? Mashine za kusikia nazo zina betri, zina kliniki zake. Ila lugha ya alama haihitaji betri, na ingeweza kuanza mtoto akiwa bado ananyonya. Wa kwetu alama yake ya kwanza ilikuwa maji, alimfanyia dada jikoni huku anaonyesha ndoo, na alikuwa anakaribia miaka 4.