Mwacheni fizio aandike

Niko ofisi ya utumishi, na karatasi ninayoipokea mara nyingi kuliko zote ni ED, cheti cha hospitali cha kumpumzisha mfanyakazi asiende kazini. Jina, siku za mapumziko, sahihi, mhuri. Haisemi mtu anaweza kufanya nini. Dereva wa lori aliyeumia kiuno na karani aliyeumia kiuno wanaleta karatasi zinazofanana kila kitu isipokuwa jina. Tarehe ikifika wote wanahesabiwa wazima, hata kama jana yake walikuwa bado wanajishika mgongo.

Msimamo wangu ni kwamba kwa majeraha ya mifupa, misuli na viungo, wa kutueleza mtu anaweza kufanya nini ni fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo. Daktari wa mifupa ana foleni ndefu mlangoni. Anatazama eksirei, mfupa umeunga, anamwita anayefuata. Fizio anakuwa na mgonjwa yuleyule wiki baada ya wiki. Anajua goti linakunjika mpaka wapi, ngazi zinapandika au hazipandiki, mtu anasimama kwa muda gani kabla maumivu hayajaanza, anainua kilo ngapi kutoka sakafuni hadi kiunoni. Ipo hata mashine ndogo ya kubana kiganjani inayosoma nguvu za mkono. Vipimo hivyo vyote vinaishia kwenye faili, na mwajiri anabaki anabahatisha.

Uingereza wamelitatua hili kwa sehemu. Tangu Julai 1, 2022, cheti cha ugonjwa cha kumpelekea mwajiri kinaweza kusainiwa na fizio, muuguzi, mfamasia au mtoa tiba kwa vitendo (anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku), pamoja na daktari. Ila mimi nakionea wivu zaidi cheti chenyewe. Tangu 2010 kina nafasi ya kuandika kwamba huyu anaweza kurudi kazini endapo atapunguziwa saa, ataanza taratibu, atabadilishiwa majukumu au atarekebishiwa mahali pa kazi. Kati ya mgonjwa na mzima wameacha nafasi, na watu wengi wanaopona wapo hapohapo.

Tena kulala nyumbani si dawa ya kila kitu. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki na kuchapishwa 1995 ulionyesha kwamba walioumwa mgongo wakaendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona haraka kuliko walioambiwa walale kitandani.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hatakiwi kumkataa bila sababu ya msingi. Nikikisoma kifungu hicho naona mlango uko wazi nusu. Mwajiri anayetaka kupokea ripoti ya fizio pamoja na ED hahitaji kusubiri Bunge.

Kwenye fidia ya aliyeumia kazini pia tunasahau kazi ya mtu: tunapenda asilimia. Asilimia ya ulemavu ina kazi yake, maana malipo lazima yapigiwe hesabu, lakini kidole kilichokatika kwa mlinzi si kidole kilichokatika kwa fundi cherehani.

Wapo mafizio wasiotaka mzigo huu, na nawaelewa. Mgonjwa akijua kwamba anayemfanyisha mazoezi ndiye atakayeandika arudi kazini, anaweza kuanza kuchechemea akifika mlangoni. Jibu langu ni kwamba fizio asiulizwe kama mtu anadanganya. Aulizwe mwili unaweza nini leo na upimwe tena lini. Uamuzi wa ajira ubaki kwa mwajiri, na ugonjwa wenyewe ubaki siri ya mgonjwa.

Wasiwasi wangu mkubwa uko upande wetu. Fizio akiandika "asiinue zaidi ya kilo 10 kwa wiki 4", ofisi nyingi zitajibu kwamba hapa hakuna kazi nyepesi, na mtu atarudishwa nyumbani au, mbaya zaidi, kwenye magunia. Halafu fizio mwenyewe hajawahi kuliona bohari letu. Kabla hatujamdai ripoti, tumpelekee ukurasa mmoja unaoeleza kazi ilivyo: gunia lina uzito gani, ngazi ziko ngapi, dereva anakaa saa ngapi kwenye usukani bila kushuka. Ukurasa huo ofisi yoyote ya utumishi inaweza kuuandika wiki hii.